Majeraha ya vijana Dodoma: tuyahesabu kwanza kabla ya kuitisha msako mwingine

#1 Mkazi wa Pembezoni (mleta uzi)

Wakuu, habari za leo.

Katika mkutano wa hadhara wa mtaa wetu, mmojawapo wa hii mitaa mipya ya pembezoni mwa Jiji la Dodoma, ajenda ya usalama ilichukua muda mrefu kuliko ajenda ya maji, jambo ambalo kwa wanaoifahamu Dodoma si dogo. Wakazi walilalamikia vijana wanaovizia wapita njia usiku, wanaochomana bisibisi wakitoka kunywa, na wanaopigana kwa makundi baada ya mechi za ndondo. Mwishowe likapitishwa azimio lile lile la miaka yote, kwamba polisi waombwe kuja kufanya msako.

Sina ugomvi na polisi, na anayetenda jinai ashitakiwe. Hoja yangu ni kwamba msako unafika kijana akiwa ameshachomwa, unawakumba waliokuwepo na wasiokuwepo, na baada ya wiki mbili tatu hali inarudi pale pale. Kabla ya msako iko kazi ya afya ya jamii ambayo hatujaigusa kabisa, na ambayo kata yoyote inaweza kuianza ikiwa na daftari na nesi mwenye moyo.

Msingi wa jambo hili si mgeni. Mwaka 1996 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulitamka rasmi kwamba vurugu ni tatizo la afya ya umma, na mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani likatoa taarifa yake ya kwanza ya dunia kuhusu vurugu na afya. Kwa lugha ya zahanati, maana yake ni kwamba jeraha la kisu lina mahali lilipotokea, lina saa, na lina mambo yaliyolitangulia. Kipindupindu kikizuka, bwana afya haanzi kwa kuuliza nani ana tabia mbaya. Anauliza wagonjwa wamekunywa maji ya kisima gani, na akikijua anakifunga. Daktari Gary Slutkin wa Marekani, ambaye alikuwa amepambana na kipindupindu katika kambi za wakimbizi nchini Somalia, aliporudi kwao aliichukua mantiki hiyo hiyo na mwaka 2000 akaanza kuitumia dhidi ya risasi katika mtaa wa West Garfield Park, Chicago.

Mfano unaonivutia zaidi, hata hivyo, unatoka Cardiff, mji mkuu wa Wales. Jonathan Shepherd, daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na uso, alikuwa akishona nyuso za watu waliopasuliwa kwa glasi na chupa, akagundua kwamba sehemu kubwa ya majeruhi waliotibiwa hospitalini hawakuwamo katika kumbukumbu za polisi. Ndipo ukajengwa utaratibu ambao ukiusikia unaweza kudhani ni mzaha kwa wepesi wake. Karani wa mapokezi katika kitengo cha dharura anamuuliza majeruhi ameumizwa wapi hasa, siku gani, saa ngapi, na kwa kitu gani. Majina yanaondolewa, na muhtasari unapelekwa kwa polisi na kwa halmashauri. Kwa taarifa hizo ilijulikana ni baa ipi, barabara ipi na saa zipi, doria zikaelekezwa huko, wenye baa sugu wakaitwa kujieleza, na glasi za kawaida zikaanza kuondolewa mezani na kuwekwa zisizopasuka na kuwa silaha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliilinganisha Cardiff na majiji 14 yanayofanana nayo. Cardiff, waliolazwa kwa sababu ya vurugu walishuka kutoka 7 hadi 5 kwa mwezi katika kila watu 100,000. Katika majiji yale mengine walipanda kutoka 5 hadi 8. Hakuna aliyejenga gereza jipya ili kupata matokeo hayo.

Wako watakaosema Wales ni nchi tajiri. Basi twende Cali, Kolombia, ambako mwaka 1992 daktari wa epidemiolojia, yaani elimu ya namna magonjwa yanavyoenea katika jamii, Rodrigo Guerrero, alikuwa meya wa jiji lililokuwa likizika watu kila siku. Alipozipanga takwimu aliona kwamba mauaji yanarundikana mwisho wa wiki, hasa mwisho wa wiki unaofuata siku ya mshahara, na kwamba pombe ilihusika mno. Akapunguza saa za kuuza pombe, na akapiga marufuku kutembea na bunduki katika siku hizo hizo.

Sasa tazameni hapa kwetu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 Dodoma Mjini. Ya mwaka 2022 ikakuta 765,179. Mji wa Serikali Mtumba, reli ya kisasa, barabara za mzunguko, uwanja wa ndege wa Msalato, kila mradi umeleta vijana wa kubeba zege na kuchimba misingi kutoka Kondoa, Mpwapwa, Singida, Manyara na kwingineko. Wamepanga vyumba vya geto wanne wanne, mbali na baba, mjomba na mzee wa kuwakemea. Vibarua wengi hulipwa Jumamosi. Siwezi kusema kwamba vurugu za mtaa wetu hutokea Jumamosi usiku, kwa sababu hakuna aliyezihesabu, lakini ningependa sana kujua.

Tatizo letu ni kwamba mlango wa taarifa umefungwa kwa ndani. Majeruhi wa ugomvi akifika kituoni anaulizwa PF3, ile fomu ya polisi. Kijana aliyepigana, hata akiwa ndiye aliyeonewa, anaogopa kwamba akienda kuichukua atawekwa ndani yeye. Kwa hiyo haendi polisi na haendi zahanati. Anakwenda duka la dawa, ananunua spiriti, pamba na vidonge vya rangi mbili, anakifungua kidonge na kumwaga unga wake kwenye kidonda, kisha anajifunga kitambaa. Wales waligundua kwamba hospitali inawaona watu ambao polisi hawawaoni. Sisi tuna kundi ambalo halionwi na yeyote kati ya hao wawili mpaka kidonda kioze.

Ninachopendekeza ni kwamba kila zahanati na kituo cha afya katika kata kiweke ukurasa mmoja wa majeraha ya vurugu, usio na majina, wenye umri, jinsia, mahali, siku, saa, kilichotumika, na kama kulikuwa na pombe. Kila mwezi muhtasari upelekwe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Tusiunde kamati mpya, tunazo za kutosha. Hata ule Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, ulioanza mwaka 2017/18, ulishaweka kamati zake mpaka ngazi ya mtaa, na nyingine zinalala tu.

Naomba maoni, hasa ya watumishi wa afya na ya vijana wenyewe.

#2 Mgambo Mstaafu

Mleta uzi, nimekusoma mpaka mwisho na nakuheshimu kwa kuandika vizuri, lakini sikubaliani nawe. Sisi tuliokuwa Unyamwezini miaka ya themanini tuliona sungusungu wakianza, na wizi wa ng'ombe ulipungua bila nesi wala daftari. Mhalifu alijulikana, aliitwa, alihukumiwa mbele ya watu. Vijana hawa unaowahesabia majeraha wanajulikana kwa majina, wazazi wao wanajulikana, na baa wanazokaa zinajulikana. Ukishaanza kumwita mhalifu mgonjwa, kesho atadai apewe dawa.

Panya Road, yale makundi ya vijana waporaji, walipoitia Dar es Salaam hofu mwaka 2015, na tena mwaka 2022, walinyamazishwa na daktari au na polisi?

#3 Nesi wa Usiku

Shikamoo mzee Mgambo. Naomba nianze na kazi yangu, kisha nikujibu kidogo.

Nafanya kazi katika kituo cha afya ndani ya mkoa huu. Jina lake si la muhimu. Zamu za usiku nazifahamu. Alichoandika mleta uzi kuhusu rangi mbili ni kweli tupu, na wengine huja siku ya nne mkono umevimba mpaka kwenye kiwiko. Ukimuuliza amepatwa na nini, jibu ni moja: "Niliangukia bati, sista." Ni jibu zuri kwa saidia fundi, maana mabati yanakata kweli. Ila bati likikukata mara nyingi linachana ngozi kwa urefu na kwenye kiganja au mguu, kwa sababu ulikuwa umelishika au umelikanyaga. Huyu ana mikato miwili mitatu upande wa nje wa mkono, chini ya kiwiko, inakwenda sambamba. Hapo alikuwa ameinua mkono kujikinga. Naosha, nashona, nampa sindano ya pepopunda, na kwenye rejista ya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, naandika jeraha la kukatwa. Hapana safu ya kuandika kwamba alikuwa nyuma ya grosari fulani saa sita usiku. Taarifa hiyo nimeisikia kwa masikio yangu wakati nashona, kwa sababu mtu anayeshonwa huongea, kisha inapotea asubuhi zamu ikibadilika.

Kuhusu PF3, utaratibu ni kwamba aliye katika hatari anahudumiwa kwanza na fomu inafuata, lakini ukweli ni kwamba si kila mtumishi anaufuata. Wengi wanaogopa kuitwa mahakamani kutoa ushahidi, au kuulizwa kwa nini walimtibu mtu anayetafutwa. Kama ukurasa huu wa mleta uzi utakuwa na jina hata moja, sitaugusa. Siku ambayo vijana watasikia kwamba nesi anawaandika kwa ajili ya polisi, hata wajawazito wa mtaa huo watapungua kuja, kwa sababu kila kijana ana dada.

Hofu yangu ya pili ni mzigo. Tunajaza rejista nyingi mno, na kila mradi unaokuja unakuja na daftari lake, kisha mradi unaondoka na daftari linabaki. Safu zikizidi saba hakuna atakayejaza saa nane za usiku.

Mzee wangu, kuhusu kumwita mhalifu mgonjwa: mimi simwiti chochote. Lakini kijana niliyemshona Jumapili nimeshamwona tena baada ya miezi michache akiwa amemleta mwenzake, na yule mwenzake ndiye aliyekuwa amekwenda kumlipizia kisasi. Sungusungu wangeweza kumkamata wa pili. Wa kwanza, wakati nimemshika mkono na anatetemeka kwa hasira, hakuwapo hata mtu mmoja wa kuzungumza naye kabla hajatoka mlangoni. Muda huo ni mfupi na sisi tunauacha upite.

#4 Mkazi wa Pembezoni (mleta uzi)

Dada Nesi, umenisaidia kuliko nilivyotarajia. Hilo la mtu wa kuzungumza na majeruhi akiwa bado kitandani linafanyika Uskoti. Polisi wa Glasgow walianzisha kitengo cha kupunguza vurugu mwaka 2005, na baadaye kukawa na watu, wengine wao waliowahi kuishi maisha hayo hayo ya mtaani, wanaokaa kwenye idara za dharura za hospitali kwa ajili ya dakika hizo hizo unazozisema. Mzee Mgambo aone pia kwamba walioanzisha ni polisi wenyewe, baada ya kuchoka kukamata.

Kwetu nafasi hiyo ingeweza kushikwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mpango wao jumuishi ulizinduliwa mwaka 2024, na unakusudia kila mtaa na kila kitongoji kiwe na wahudumu wawili, mwanamke na mwanaume. Kwa sasa wanafikiriwa zaidi kwa malaria, lishe na wajawazito. Sioni kwa nini kijana wa kiume aliyechomwa kisu asiwe na haki ya kutembelewa nyumbani kama anavyotembelewa mama aliyejifungua, isipokuwa kwamba tumezoea kumwogopa.

Mzee Mgambo, kuhusu Panya Road: polisi waliwanyamazisha, sikatai. Lakini wewe mwenyewe umetaja miaka miwili, 2015 na 2022.

#5 Kijiwe cha Lami

Mimi ni dereva wa bodaboda, nina miaka 24, na nimeshapita katika hayo mambo ingawa sitayaeleza hapa. Mleta uzi ameomba vijana waseme, basi naomba nisikilizwe hata kama Kiswahili changu cha kuandika si cha mkutano.

Jambo la kwanza, wengi wanaopigana hawapigani kwa sababu ya wizi. Wanapigana kwa sababu ya dharau. Mtu amekutukana mbele ya watu, amekuchukulia abiria kijiweni, amemsemesha mpenzi wako, umeliwa hela kwenye kubeti na mtu anakucheka. Usipojibu leo, kesho kila mtu anakupanda kichwani. Wazee wanadhani tuna makundi yenye viongozi na mipango. Yapo machache ya namna hiyo, lakini mengi ni marafiki wa geto moja ambao mwenzao akipigwa inabidi waende, na asiyekwenda hana pa kulala.

Jambo la pili, tunaitwa kwenye mkutano wa mtaa siku ya msako tu. Siku ya kugawa nafasi za vibarua wa mradi unaopita mtaani kwetu hatuitwi, tunasikia zimekwisha.

Jambo la tatu, kuna watu tunaowasikiliza. Kijiweni kwetu yupo kaka mmoja aliyewahi kufungwa Isanga. Akisema "hebu acheni", tunaacha, kwa sababu hatishi mtu na hana cha kuthibitisha. Mwenyekiti wa mtaa akisema, tunanyamaza mpaka aondoke. Kama mnataka mtu wa kukaa na majeruhi, mchukueni yeye, ila mtamkataa kwa sababu hana cheti cha kidato cha nne.

#6 Mama Lishe wa Jioni

Wanangu, mimi nauza chipsi na supu karibu na grosari. Mkifunga grosari saa nne, mimi nauzia nani? Na watoto wangu watakula nini? Hesabuni, lakini mnapofika kwenye kufunga mkumbuke kwamba mahali penye vurugu ndipo pia penye riziki ya watu. Nitakachosema ni kwamba ugomvi haunitokei mapema. Unanitokea taa ya nguzo ile ya kona ikiwa haiwaki na watu wameshalewa vile vichupa vidogo vya bei rahisi. Taa ile ina muda mrefu haiwaki, na imesemwa.

#7 Mwalimu wa Zamu

Naomba kuongeza upande wa shule, kwa kifupi. Kijana wa kupigana akiwa na miaka 20 hakuanza akiwa na miaka 20. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana wetu, wa kike na wa kiume, walikuwa wamepitia ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Nyumbani tunapiga, shuleni tunapiga, na mimi ni mwalimu ninayesema hivyo nikijua wenzangu watanishangaa. Mtoto aliyefundishwa kwa miaka 11 kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki, siku anapomaliza kidato cha nne bila ufaulu tunamtaka asuluhishe ugomvi kwa maneno.

Ukurasa wa majeraha uanzie miaka 10, tafadhali, si 18. Shirika la Afya Duniani lenyewe linapozungumzia vurugu za vijana linahesabu kuanzia miaka 10 hadi 29.

#8 Mkazi wa Pembezoni (mleta uzi)

Nitaanza na Mama Lishe, kwa sababu amesema jambo ambalo mkutano wetu wote wa hadhara haukulisema. Nguzo moja, taa moja, saa fulani, kinywaji fulani. Hiyo ndiyo aina ya taarifa ninayoitafuta, na dawa yake haihitaji kufunga biashara ya mtu. Nchi hii imeshawahi kuchukua hatua ya namna hiyo: viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki, vilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na aliyeguswa alikuwa kiwanda na muuzaji kabla ya kuwa mnywaji. Kwamba pombe kali ya bei rahisi ilirudi kwenye vichupa vya plastiki ni somo la pili, kwamba hatua isiyofuatiliwa kwa takwimu hujazwa pengo lake haraka. Saa za kuuza vileo nazo zimo kwenye sheria tangu mwaka 1968. Hatuhitaji kutunga mpya, tunahitaji kujua ni grosari ipi kati ya kumi inayozaa majeraha, ili tisa zisisumbuliwe.

Kijiwe cha Lami, hilo la dharau limeandikwa na watafiti kwa kurasa nyingi na wewe umelimaliza kwa aya moja. Naomba nikupe kisa cha Monrovia, Liberia, kwa sababu kinajibu pia swali ambalo mzee Mgambo hakuliuliza lakini nina hakika analo, yaani tukishahesabu tunamfanya nini kijana mwenyewe.

Baada ya vita kule, walichukuliwa wanaume 999 waliokuwa wakiishi kwa wizi, dawa za kulevya na vurugu za mtaani. Wakagawanywa kwa kura katika makundi manne. Kundi la kwanza lilipata mafunzo ya wiki nane ya namna ya kutambua hasira inapopanda, kuahirisha kujibu, na kujizoeza maisha mengine, yakiongozwa na watu waliowahi kuwa kama wao. Mazoezi yenyewe yalikuwa ya kawaida kabisa: nyoa nywele, vaa vizuri, ingia benki uulize habari za akaunti, kisha rudi tuzungumze ulivyojisikia ulipotazamwa. Kundi la pili lilipewa dola 200 bila mafunzo. La tatu lilipata vyote viwili. La nne halikupata kitu. Waliopewa fedha peke yake hawakubadilika sana kwa muda mrefu. Waliopata mafunzo peke yake walibadilika, kisha mabadiliko yakafifia. Waliopata mafunzo na fedha walipofuatiliwa miaka kumi baadaye, uhalifu na vurugu vilikuwa vimepungua kwa takriban nusu ukilinganisha na ambao hawakupata kitu.

Ninalipenda jambo hili kwa sababu sisi tunayo nusu ya fedha bila nusu ya mafunzo. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na kati ya hizo 10, asilimia 4 ni za vijana. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Inadai kikundi kilichosajiliwa, andiko la mradi na akaunti, kwa hiyo inawafikia vijana ambao tayari wanajua kuingia ofisini. Kijana wa geto aliyeshonwa mkono haifiki ofisi ya afisa maendeleo ya jamii, na akifika anageuzwa na mlinzi wa getini kwa sababu ya kandambili. Mafunzo ya wiki nane yakiongozwa na yule kaka wa Isanga, kisha kikundi kisaidiwe kuandika andiko, ni jambo ambalo kata moja inaweza kulijaribu bila kusubiri mfadhili. Cheti cha kidato cha nne kisiwe sharti, na mimi nitalisema hilo kwenye mkutano.

#9 Mwenye Shaka

Nimefuata uzi huu kwa makini na nina maswali matatu ambayo hayana nia ya kuvunja moyo.

Kwanza, mnamtaja Slutkin na Chicago, lakini tathmini za mpango ule, wa kuwatumia waliowahi kuwa wahalifu kusuluhisha ugomvi, katika miji mbalimbali ya Marekani hazikutoa jibu moja. Kuna maeneo risasi zilipungua, kuna maeneo tofauti haikuonekana. Watu waliowahi kuwa wahalifu wakipewa kazi ya kusuluhisha bila kulipwa kwa uhakika na bila kusimamiwa, wanaweza kurudi walikotoka na jina la mradi likaharibika. Yule kaka wa Isanga atalipwa na nani?

Pili, tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya si za kuchezea. Kuondoa jina hakutoshi katika mtaa mdogo. Ukiandika "mvulana, miaka 17, alichomwa Jumamosi saa tano usiku nyuma ya kanisa", mtaa mzima unajua ni nani.

Tatu, anayesoma muhtasari kwenye kata ni nani? Diwani akiona grosari ya mpinzani wake inaongoza kwa majeraha, itafungwa kesho. Ikiongoza ya ndugu yake, karatasi itapotea.

#10 Nesi wa Usiku

Maswali ya Mwenye Shaka ni ya mtu aliyewahi kukaa kwenye vikao, naona. Nitajibu la pili kwa sababu ndilo lililo mikononi mwangu.

Karatasi inayotoka kituoni isiwe orodha ya mtu mmoja mmoja. Orodha hiyo ibaki ndani ya kituo, na kinachotoka kiwe jumla: majeraha mangapi kwa kila eneo, siku zipi, vipindi gani vya usiku, na vitu vilivyotumika. Eneo lenye tukio moja tu lisitajwe, lijumuishwe na la jirani mpaka yafike matatu au zaidi. Umri uandikwe kwa makundi: 10 hadi 14, 15 hadi 19, 20 hadi 24, 25 hadi 29, na zaidi. Wanaojitokeza wakiwa na matatizo ya ulevi wa kupindukia au ya akili tunawapa rufaa kama kawaida. Mkoa huu una Mirembe, hospitali ya afya ya akili, na kwa waraibu wa heroini ipo huduma ya methadoni pale Itega, kwa hiyo hakuna kisingizio cha umbali kama mikoa mingine.

#11 Mgambo Mstaafu

Nesi, marahaba mwanangu, sikukuitikia mwanzoni. Sijabadili msimamo wangu kuhusu msako, na siku nikiibiwa nitawaita polisi kabla ya kumwita mleta uzi. Lakini la taa ya nguzo nimelikubali. Nimekaa kwenye ulinzi shirikishi miaka mingi na doria yetu ilikuwa ikipita barabara kubwa kwa sababu ndiko kwenye mwanga, kumbe walioumia wanaumia kusiko na mwanga. Laiti tungeambiwa ni kona ipi, tungepita kona hiyo. Hakuna aliyewahi kutuambia.

Jingine, msisahau wale wanaouawa na wananchi kwa kuitiwa mwizi. Hao nao ni vijana, na wanaopiga ni sisi wazee na wake zetu. Waandikwe kwenye ukurasa huo huo.

#12 Mkazi wa Pembezoni (mleta uzi)

Mzee wangu, safu ya "kipigo cha umati" imeongezwa sasa hivi, na nakushukuru kwa kuisema wewe kabla ya kijana yeyote kuisema.

Mwenye Shaka, kuhusu swali la tatu napendekeza muhtasari usomwe hadharani kwenye mkutano wa mtaa siku ile ile unapofika kata, na nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtendaji, kama yanavyobandikwa mapato na matumizi. Karatasi iliyosomwa mbele ya watu mia ni vigumu kuipoteza. Kuhusu malipo ya yule kaka, sina jibu la kudumu. Kwa kuanzia, posho yake itoke kwenye mfuko ule ule wa mtaa unaolipa walinzi wa usiku, na asimamiwe na afisa ustawi wa jamii wa kata, si na polisi. Kama mtaa utakataa kumlipa, basi tusimwombe kazi.

Dada Nesi, nimepunguza safu zikabaki saba kama ulivyoagiza: kundi la umri, jinsia, mahali, siku na kipindi cha usiku au mchana, kilichotumika, pombe ndiyo au hapana, na aina ya tukio, ambayo ina machaguo manne ya kuwekea alama, yaani ugomvi wa watu wawili, ugomvi wa makundi, uporaji, na kipigo cha umati. Kwenye "mahali" mitaa yetu haina namba za nyumba zinazofahamika, kwa hiyo tumetengeneza orodha ya alama 23 ambazo kila mtu anazijua, kuanzia kisima cha zamani mpaka kituo cha bodaboda cha mwisho wa lami, kila moja na herufi yake, ili nesi aandike herufi tu.

#13 Nesi wa Usiku

Ondoeni "ugomvi wa makundi" na "wa watu wawili" muweke "ugomvi" tu. Saa nane za usiku majeruhi hatanieleza walikuwa wangapi, na akinieleza atanidanganya. Nafasi iliyobaki wekeni "alishawahi kuja na jeraha la aina hii: ndiyo au hapana". Hilo naweza kulijibu mwenyewe kwa kumtazama mikono.

Nileteeni karatasi hizo zikiwa zimechapwa pande mbili, nakala za miezi mitatu, na kalamu. Mganga mfawidhi wetu nimeshamdokeza, anataka barua ya mtendaji wa kata kwanza.

#14 Kijiwe cha Lami

Barua ikiwa tayari mniambie, nitaipeleka mimi mpaka kituoni bila nauli. Na kwenye ile orodha ya alama 23 mmesahau daraja la korongo linaloelekea kwenye machimbo ya mchanga. Liwekeni liwe la 24, na naomba msiniulize kwa nini.